Kufundisha Vigeu vya Ndani na vya Pamoja kwa Mfano wa Geji za Ndege

Anayefundisha misingi ya kuandika programu za kompyuta aghalabu hukwama anapofika kwenye tofauti ya kigeu cha ndani na kigeu cha pamoja. Kigeu ni jina linalotunza thamani inayoweza kubadilika. Cha ndani hutumiwa na sehemu moja tu ya programu. Cha pamoja husomwa, na hata kubadilishwa, na sehemu zote. Maelezo haya ni sahihi, ila hayampi mtoto kitu cha kushika. Twapendekeza mfano wa programu inayoigiza urukaji wa ndege.

Uwanja wa ndege wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Maji ya Ziwa Viktoria, jirani yake, yako kadiri ya mita 1,135. Rubani na msaidizi wake kila mmoja ana geji yake ya kimo, yenye kitufe cha kuzungusha ili kuirekebisha kulingana na mgandamizo wa hewa. Hektopaskali moja hubadilisha usomaji kwa mita 8 hivi.

Mwalimu aandike 1,147 ubaoni: hicho ni kigeu cha pamoja. Wanafunzi wawili wawe geji, kila mmoja akiandika marekebisho yake daftarini bila kumwonyesha mwenziwe. Mmoja akipunguza hektopaskali 2 kimakosa, atatangaza mita 1,131, yaani ndege iliyo uwanjani imezama ziwani! Mwenziwe bado asoma 1,147, na kosa lagunduliwa. Kisha marekebisho yahamishiwe ubaoni. Sasa akikosea mmoja, wote wawili watatangaza 1,131, wala hapana wa kumsahihisha mwingine. Mwalimu asiharakishe hatua hii. Ndiyo somo lenyewe.

Katika Microsoft Flight Simulator X, iliyotoka mwaka 2006, kigeu cha ndani ya geji huanza na herufi G, na cha pamoja huanza na L. Ajabu ni kwamba L yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya “ya mahali hapa”, ilhali geji zote za ndege hiyo hukisoma! Mwanafunzi aonywe mapema.

Je, kila thamani ifichwe daftarini? Darasa liulizwe juu ya swichi kuu ya umeme: ikizimwa, taa za geji zote hazina budi kuzimika. Hali yake iandikwe wapi?