Tukienda Msituni na Mbwa Wetu

Mvua za Novemba zinapoanza katika mkoa wetu wa Songwe, njia za msituni hupata watu wengi. Mbozi, Momba na kwenye vilima vya Ileje, akina mama na watoto hutoka asubuhi na vikapu kutafuta uyoga, na masuku yakiiva, watoto hawashikiki nyumbani. Nasi tunaoishi Tunduma, tunaoshinda katikati ya vumbi na moshi wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, tunazidi kuona faida ya kutoka siku moja moja kwenda kutembea penye miti na hewa safi. Mara nyingi anayetutangulia njiani ni mbwa wa nyumbani.

Matembezi haya ni dawa. Katika kliniki zetu tunawaona akina mama wengi wenye shinikizo la damu na kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Njia ya msituni yenye kupanda na kushuka kidogo inatosha kabisa. Kipimo chake ni rahisi: ukiwa unatembea unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba, basi mwendo huo ni mzuri.

Mbwa naye ni mwenzi mwema. Husikia na kunusa kabla yetu, na watu wenye nia mbaya humwogopa. Lakini mlinzi huyu asipotunzwa anaweza kuleta msiba nyumbani. Kwa kuwa ni sisi akina mama tunaomlisha, na ni watoto wetu wanaocheza naye, ni vema tujue wajibu wetu.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu dalili zake zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani kote unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila kumi wanaokufa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa.

Msituni hatari huongezeka, kwa sababu mbwa wetu anaweza kukutana na mbweha au mbwa mzururaji mwenye ugonjwa, akaumwa, na sisi tusijue. Mpeleke mbwa kwa ofisa mifugo apate chanjo akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tunza cheti chake pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huacha kuenea. Kwa hiyo tusimchanje wa kwetu tu, bali tuhimizane na majirani. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, ni wakati mzuri wa vikundi vyetu vya akina mama kulikumbusha jambo hili.

Mpe pia dawa ya minyoo, na usimlishe matumbo mabichi ya wanyama.

Mkiwa njiani

Mfunge ukanda wa shingoni na kamba imara, na ashikwe na mtu mzima. Mbwa aliye huru hukimbiza ngedere, huingia kwenye nyasi zenye nyoka, na huwatisha watembeaji wengine. Tokeni mapema asubuhi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi. Jua likiwa kali huzidiwa upesi. Chukua maji yake na bakuli lake. Ukimwona anahema sana na kuyumba, mpumzishe kivulini na umloweshe kwa maji.

Wafundishe watoto kutomgusa mbwa wasiyemjua, wala mnyama wa porini asiyeogopa watu. Mnyama aliyepoteza woga wake huenda ni mgonjwa.

Mkirudi, mkague mbwa masikioni, kwapani na katikati ya vidole, mwondoe kupe, kisha nanyi mjikague.

Mahali asipoingia

Katika hifadhi za taifa, mfano Kitulo huko Nyanda za Juu Kusini, mbwa wa nyumbani haruhusiwi. Sababu ni ya kweli. Mwaka 1994 ugonjwa unaowapata mbwa ulienea Serengeti, na karibu theluthi moja ya simba wa huko walikufa. Kwa upande wa misitu ya hifadhi, kama ile inayozunguka Ziwa Ngozi upande wa Rungwe, uliza kwanza kwa maofisa wa misitu kabla ya kufunga safari.

Mbwa akiuma

Hapa, mama, tusome kwa makini. Mtoto akiumwa, akiparuzwa, au akilambwa penye kidonda:

1. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Ndiyo maana ni vema kipande cha sabuni kiwe kikapuni kila mwendapo msituni.

2. Usipake majivu, pilipili, wala tumbaku. Usifunge kidonda kwa kukikaza.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo haipatikani katika kila zahanati, hivyo ulizia mapema iliko. Siku hizi sindano huchomwa mkononi, wala si zile nyingi za tumboni zilizowatisha wazee wetu. Ya kwanza hutolewa siku ileile, nyingine siku ya tatu na ya saba, na pengine zaidi kama daktari atakavyopanga. Mama mjamzito na anayenyonyesha huruhusiwa kuchanjwa.

4. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na ofisa mifugo amwangalie kwa siku kumi. Lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo umpeleke mtoto.

Dalili kwa kawaida huchelewa miezi miwili au mitatu, wakati kidonda kimekwisha kupona na watu wamesahau. Ndipo mtoto hushindwa kumeza na kuogopa maji, na sisi wauguzi hatuna tena la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Watoto wengine huficha kwamba wameumwa kwa kuogopa kuchapwa. Mwambie mwanao leo, kwa upole, kwamba akiumwa hataadhibiwa, bali aje mbio kwako.

Basi, akina mama, twendeni msituni tukapate afya na furaha pamoja na watoto wetu. Wiki hii angalia cheti cha mbwa wako. Kama hana, kamba na kikapu vingoje kwanza. Safari ya kwanza iwe kwa ofisa mifugo.