MTOTO ANAOMBA HAMSTA: TUMPE AO TUMKATALIE?

Siku hizi watoto wetu wanaona mambo mengi kwenye televisheni na kwenye simu ya baba. Wanaona mtoto wa Ulaya ameshika katika kiganja mnyama mdogo sana, manyoya laini, macho meusi kama mbegu za papai, mashavu yamejaa chakula. Kisha wanakuja na ombi lao: «Baba, na sisi tunataka kama huyu.» Mnyama huyo anaitwa hamsta kibete. Baba na mama, mbele ya kujibu ndiyo ao hapana, someni kwanza ukurasa huu, kwa maana jibu lenu linagusa afya ya nyumba nzima.

Hamsta kibete si panya wa jikoni, na si mnyama wa inchi yetu. Kwao ni mbali, katika nchi za majani makavu na michanga za Siberia, Mongolia, Kazakhstan na kaskazini ya China. Kuna namna mbalimbali. Mdogo kuliko wote ni ule wa Roborovski: urefu wake sentimita 5 hivi, na uzito wake gramu 20 ao 25. Ndugu zake, ule wa Campbell na ule wa Siberia, wanafika gramu 30 hadi 50. Weka yai la kuku katika mkono wako na upime: mara nyingi yai linamshinda hamsta kwa uzito. Anaishi mwaka mmoja na nusu ao miwili, akitunzwa vizuri pengine mitatu.

Sasa ulizo lenyewe: anamfaa mtoto? Tunajibu wazi. Mtoto wa chini ya miaka 5, hapana. Mtoto wa masomo ya msingi, bado hapana, isipokuwa mtu mzima amekubali kwamba mnyama ni wake yeye mwenyewe, na mtoto ni msaidizi tu. Watu wengi wanafikiri: mnyama mdogo kwa mtoto mdogo, mnyama mkubwa kwa mtoto mkubwa. Hapo ndipo wanapopotea. Mnyama akiwa mdogo zaidi, anahitaji mkono wa akili zaidi.

Fikiri juu ya usingizi kwanza. Hamsta anaamka jua likizama na anakimbia usiku; mchana amelala. Mtoto naye anatoka masomoni mchana na anataka kucheza saa ile ile. Wewe unayefanya kazi ya usiku unajua neno hili bila kufundishwa: umelala saa nne ya asubuhi, watoto wa jirani wanapiga kopo chini ya dirisha, unaamka na hasira. Hamsta anaamshwa namna hiyo kila siku, tena na mkono mkubwa unaoshuka toka juu, kama vile kipanga anavyoshuka juu ya kifaranga. Hana maneno ya kusema, ana meno. Anauma. Mtoto anashtuka, anatupa mkono, na mnyama anaanguka. Kuanguka toka kimo cha meza kunatosha kumvunja mguu ao mgongo. Na mtoto wa miaka 3 hata bila kuumwa anaweza kumbana kwa upendo mpaka pumzi imkatike.

Inafaa pia kusema neno juu ya uzazi, kwa maana wauzaji hawasemi. Ukichukua dume na jike, mimba inadumu siku 18 hadi 21 tu, na jike anaweza kuchukua mimba nyingine siku ile ile anapozaa. Watoto wanne, sita, na zaidi. Tena, mama akisumbuliwa katika siku za kwanza anaweza kuwala watoto wake mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka 6 si jambo zuri kuliona asubuhi mbele ya kwenda masomoni.

MIKONO NA TUMBO

Hamsta anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anakimbia, na huku katika mavi yake mna mikrobu ya salmonela, ile inayoleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mwaka 2004 huko Marekani watu katika majimbo mbalimbali waliugua salmonela ambayo dawa nyingi hazikuiweza. Wachunguzi walipofuata njia yake walikuta hamsta, panya wadogo na panya wakubwa walionunuliwa dukani kwa ajili ya watoto. Mtoto anamgusa mnyama, kisha anatia vidole kinywani. Njia ni fupi hivyo.

Kuna pia virusi fulani ambayo kwa kawaida inakaa katika panya mdogo wa nyumbani, na ambayo hamsta anaweza kuipata kwake. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi anapata homa tu na maumivu ya kichwa, ijapo wengine wanapatwa na ugonjwa wa ubongo. Lakini bibi mwenye mimba akiambukizwa, hatari inamfikia mtoto aliye tumboni: anaweza kufa ao kuzaliwa na kasoro ya ubongo na ya macho. Kwa hiyo nyumba yenye bibi mwenye mimba haifai kuingiza hamsta, na bibi huyo asisafishe sanduku la mnyama yeyote wa kutafuna. Vile vile mtu mwenye pumu: manyoya, mkojo uliokauka na vumbi la matandiko vinaweza kumletea shida ya kupumua. Baba ambaye amekula vumbi kazini muda wa miaka 20 asiongeze lingine chumbani.

Mtasema: lakini wa dukani wamechunguzwa. Si kila mara. Katika mwezi wa Januari 2022, huko Hong Kong, hamsta wa duka moja walikutwa na virusi ya COVID-19, na wakubwa wa afya waliamuru wanyama wadogo karibu 2.000 wauawe. Watoto wengi walilia siku zile.

HATARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Pengine unasema: katika parseli yangu hakuna hamsta, ukurasa huu haunihusu. Subiri kidogo. Mtoto akikosa hamsta, anafanya nini? Anatafuta hamsta wake mwenyewe. Anakamata kindi mchanga katika mti, ao panya wa pori ambaye wawindaji wanaleta mzima, anamfunga kamba mguuni, anamtia katika kopo na kumlisha bukari. Wakubwa wanacheka: mtoto anacheza. Kwetu sisi hilo ndilo linalotisha kuliko hamsta wote wa Ulaya.

Chukua ugonjwa wa mpox, uliokuwa unaitwa zamani variole ya nyani. Mtu wa kwanza duniani aliyejulikana kuugua alikuwa mtoto mchanga wa inchi yetu, upande wa Basankusu katika Équateur, mwaka 1970. Jina la nyani lilidanganya watu wengi. Mwaka 1985 virusi hiyo ilikutwa katika kindi, hapa hapa inchini, na leo wenye elimu wanawashuku zaidi wanyama wa kutafuna kuliko nyani. Ni kweli kwamba mpox iliyoenea toka Kamituga, mji wa wachimba dhahabu wa Kivu ya Kusini, na iliyofanya Shirika la Afya Duniani litangaze hatari ya ulimwengu mzima toka Agosti 2024 hadi Septemba 2025, ilipita zaidi toka mtu kwa mtu. Lakini mlango wa mnyama haujafungwa.

Tena kuna habari moja ambayo kila mzazi angefaa kuijua. Mwezi wa Aprili 2003 mfanyabiashara mmoja alipeleka Marekani wanyama wa pori karibu 800 toka Ghana, kusudi wauzwe kama wanyama wa kufuga: kindi, panya wakubwa wenye mifuko mashavuni, nungu wadogo na wengine. Baadhi yao walikuwa na virusi ya mpox. Waliwekwa karibu na wanyama wengine wa kutafuna, wa Marekani yenyewe, na hao waliuzwa kwa jamaa zenye watoto. Watu 47 walihesabiwa kuwa wameugua ao pengine wameugua, katika majimbo 6. Hakuna aliyekufa, lakini watoto walikuwamo, na mmoja alipatwa na ugonjwa wa ubongo. Toka mwaka ule ule Marekani ilikataza kuingiza wanyama wa kutafuna toka Afrika. Wao walinunua kwa dola. Watoto wetu wanakamata bure, kwa mikono mitupu.

Basi kindi na panya wa pori wasiingie nyumbani wakiwa wazima ili watoto wachezee. Na panya uliyemkuta amekufa, mtoto asimguse hata kwa kijiti. Kuna pia tauni, ambayo inapita kwa viroboto vya panya, na ambayo Ituri inaijua vizuri.

KAMA MTOTO ANATAKA KWELI KUFUGA

Hatutaki watoto wakue bila kujua kutunza kiumbe. Kufuga kunafundisha uvumilivu. Kwa maoni yetu, mtoto wa miaka 7 ao 8 na zaidi apewe kobayi kuliko hamsta. Kobayi alitoka milima ya Amerika ya Kusini, upande wa Peru, lakini katika Kivu ya Kusini jamaa nyingi sana wanamfuga, na mara nyingi ni watoto wanaomkatia majani. Mkubwa anafika kilo moja hivi, kwa hiyo mkono wa mtoto unamshika bila kumvunja. Mchana ana saa nyingi za kuwa macho. Anauma kwa shida, anapiga kelele akisikia miguu ya mwenye kumlisha, na anaishi miaka 5 ao zaidi. Mimba yake inadumu zaidi ya miezi miwili, na watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, kwa hiyo hesabu ya parseli haiharibiki kwa mwezi mmoja.

Neno moja la maana juu ya chakula chake. Kobayi, kama mtu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Asipopata majani mabichi kila siku anaugua: viungo vinavimba, fizi zinatoka damu. Mpe majani ya kawaida yaliyokatwa mbali na njia ya magari, na matembele. Sombe mbichi usimpe. Majani ya mihogo yana sumu ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kupika sana. Usimweke pekee, anapenda mwenzake, lakini dume na jike pamoja ni kazi ya mkubwa kuamua. Katika mwezi wa Juni na wa Julai, usiku wa Katanga unapokuwa baridi, umweke pahali pasipopita upepo na majani makavu mengi. Tena mwambie mtoto toka mwanzo kama kobayi huyu ni wa sufuria ao si wa sufuria. Kumficha neno hilo ni kumtendea vibaya.

Na kama hamsta amekwisha kufika, labda mjomba wa Ubelgiji alimleta, msimtupe inje. Mtafutieni sanduku pana lenye kuta laini. Nafasi inayopitisha kidole kidogo inaweza kumpitisha na yeye. Matandiko yawe mazito kusudi aweze kuchimba, yasiwe unga wa mbao wenye vumbi. Baridi ikizidi anaweza kulala usingizi mzito mpaka mtaona amekufa. Mpasheni moto polepole mbele ya kumzika. Meno yake yanakua siku zote, kwa hiyo anatafuna kila kitu, na waya wa umeme pia. Hamsta aliyetoroka nyuma ya kabati anaweza kumenya waya, na moto ukawaka usiku watu wakiwa wamelala. Sanduku lake lisikae karibu na waya, wala jikoni, wala pahali pa kulia chakula. Kulisafisha ni kazi ya mtu mzima, inje ya nyumba, baada ya kunyunyiza maji kusudi vumbi lisipande. Kila mtu aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni papo hapo, na mtoto asimbusu.

Mtoto akiumwa, na hamsta, kobayi, panya ao mnyama mwingine, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Usitie makaa, usitie mafuta, usinyonye damu. Kisha umpeleke dispansere na kikaratasi chake cha chanjo, kwa maana munganga atataka kujua kama amechanjwa juu ya pepopunda. Kama aliyeuma ni mbwa, paka ao nyani, hata kidonda kikiwa kidogo nenda siku ile ile, juu ya kichaa cha mbwa.

Mnyama akifa, usimshike kwa mkono mtupu: mtie katika mfuko wa plastiki uliogeuzwa, umzike chini sana pahali ambapo mbwa hawawezi kumfukua, na sanduku lioshwe kwa maji ya javeli. Na kama katika majuma yanayofuata mtoto anapata homa, vipele ao kuhara, umwambie munganga toka neno la kwanza kwamba nyumbani mlikuwa na mnyama wa kutafuna. Asipoambiwa, atafikiri malaria, na siku zitapotea.