Mazungumzo ya 14: Mama Akikosa Hamu, Si Uvivu

Leo tunazungumza juu ya hamu, yaani ile nguvu ya moyoni inayomtoa mtu kitandani asubuhi aanze kazi zake. Tutaeleza jinsi wataalamu wanavyoipima hamu kwa kompyuta, kisha tutaona kwa nini jambo hilo linamhusu mama aliyejifungua.

Fikiria zamu yako katika chama cha akina mama. Pesa utazipokea Jumapili alasiri. Lakini je, furaha hungoja Jumapili? La. Tangu Alhamisi moyo umechangamka. Unapiga hesabu: hizi za karo, hizi za sufuria, hizi za godoro la watoto. Hata kufua unafua upesi. Hiyo ni furaha ya kutazamia. Jumapili pesa zikifika mkononi, unapata furaha nyingine, ya kupokea. Furaha hizi mbili ni ndugu, lakini si kitu kimoja.

Sasa mfikirie mama aliyejifungua miezi 2 iliyopita. Mtoto akicheka, mama hutabasamu. Chai tamu akiletewa, huinywa. Lakini yeye mwenyewe hana analolitazamia. Vyombo vinalala bila kuoshwa. Chama haendi tena. Majirani wanasema, "Siku hizi amekuwa mvivu." Naye anajilaumu kimya kimya.

Je, huyu ni mvivu kweli?

HAMU HUPIMWAJE?

Homa tunaipima kwa kipimajoto. Uzito wa mtoto tunaupima kwa mizani. Hamu haina mizani. Ukimwuliza mtu, "Una hamu kiasi gani?" huenda akajibu kwa aibu, au asijue la kusema. Ndiyo maana wataalamu wametunga michezo ya kompyuta. Mtu hacheze kwa ajili ya kujiburudisha. Anacheza ili matendo yake yaonyeshe yaliyo moyoni.

Mchezo wa kwanza ulitungwa Marekani na mtaalamu Brian Knutson na wenzake. Waliueleza mwaka 2000. Unachezwa hivi:

Mtu analala ndani ya mashine kubwa inayopiga picha za ubongo kwa nguvu ya sumaku. Mbele ya macho yake kuna picha za kompyuta, na mkononi ana kibonye. Kwanza inatokea alama kwa robo ya sekunde tu. Duara maana yake ni, "Ukiwahi, utapata pesa." Mraba maana yake ni, "Usipowahi, utapoteza pesa." Pembetatu maana yake ni, "Safari hii hakuna kupata wala kupoteza." Mistari ndani ya duara huonyesha kiasi cha pesa. Mmoja ni senti 20 za Marekani, miwili ni dola 1, mitatu ni dola 5.

Halafu mtu anangoja sekunde 2 hivi. Ghafla inatokea alama nyeupe, naye abonyeze kabla haijatoweka. Mwisho anaonyeshwa kama amepata au amekosa.

Huenda ukauliza, kwa nini kumngojesha? Hapo ndipo penye siri ya mchezo huu. Katika zile sekunde 2 mtu hajapokea chochote. Kwa hiyo kinachoonekana katika ubongo wakati huo ni kutazamia peke yake, hakijachanganyika na furaha ya kupokea.

Na pembetatu ni ya nini? Ni ya kulinganisha. Bila hiyo tusingejua kama ubongo umechangamkia pesa au umechangamkia kubonyeza tu.

Tena, kompyuta hurekebisha muda wa ile alama nyeupe. Mwenye mkono mwepesi hupewa muda mfupi, na mwenye mkono mzito hupewa mrefu zaidi. Hivyo kila mtu hushinda karibu mara 2 kati ya 3. Mchezo unapima hamu, haupimi nani ana mkono mwepesi.

Mwaka 2001 Knutson na wenzake walieleza walichokiona. Kuna sehemu ndogo, ndani kabisa ya ubongo, iliyochangamka wakati wa kungoja. Kadiri pesa zilizotazamiwa zilivyokuwa nyingi, ndivyo ilivyochangamka zaidi. Kwa hiyo hamu ni kazi ya mwili, kama moyo kupiga au tumbo kusaga chakula. Na kiungo chochote cha mwili chaweza kuugua.

MCHEZO WA PILI: UTAJISUMBUA KIASI GANI?

Kutamani ni jambo moja, kujitaabisha ni jingine. Mwaka 2009 mtaalamu Michael Treadway na wenzake, wa huko huko Marekani, walieleza mchezo unaopima kujitaabisha.

Kila mara mtu huchagua kati ya kazi mbili. Kazi rahisi ni kubonyeza mara 30 ndani ya sekunde 7, kwa kidole cha shahada cha mkono aliouzoea. Malipo ni dola 1. Kazi ngumu ni kubonyeza mara 100 ndani ya sekunde 21, kwa kidole cha mwisho cha mkono asiouzoea. Jaribu mwenyewe juu ya meza, utaona kidole kinavyochoka! Malipo yake huanzia dola 1 na senti 24 hadi dola 4 na senti 30.

Lakini kumaliza kazi si lazima ulipwe. Kabla ya kuchagua, mtu huambiwa bahati yake. Safari nyingine ni 12 kwa 100, nyingine ni 50 kwa 100, nyingine ni 88 kwa 100. Ni kama mkulima anayepima: je, mvua ikiwa ya shaka, nipande?

Mwaka 2012 wataalamu hao walieleza matokeo ya watu wenye ugonjwa wa huzuni, ambao wengine huuita unyogovu au sonona. Watu hao walichagua kazi ngumu mara chache kuliko watu wasiougua. Tena, hata malipo yalipokuwa mazuri na bahati kubwa, habari hiyo haikuwasukuma sana. Mizani yao ya ndani, ile inayosema "hili linafaa kujisumbua", ilikuwa imelegea.

Umeona, mama? Yule jirani yetu si mvivu. Huenda ni mgonjwa.

KLINIKI WATAKUULIZA NINI?

Michezo hii ni ya utafiti. Haitumiki kumwambia mtu mmoja kama anaugua. Kliniki wana njia nyepesi. Moja ni orodha ya maswali 10 iliyotolewa Scotland mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Inahusu siku 7 zilizopita. Mojawapo ya maswali hayo huuliza kama mama bado anayatazamia mambo kwa furaha. Ni jambo lile lile la zile sekunde 2 za kungoja. Basi ukiulizwa, usijibu "niko sawa" kwa mazoea. Sema kweli.

Akina mama wengi hulia na kufadhaika siku chache baada ya kujifungua, na hali hiyo huisha yenyewe kabla ya majuma 2. Ikizidi hapo, nenda kituo cha afya. Waombe wapime damu pia, maana upungufu wa damu nao humchosha mama. Matibabu yapo: mazungumzo na mshauri, na dawa. Zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, lakini achaguliwe na daktari.

Nyumbani, usingoje hamu irudi ndipo uanze. Anza na jambo dogo, na hamu itafuata polepole. Leo ota jua mlangoni na mtoto dakika 10. Kesho tembea hadi kwa jirani. Nawe baba, nawe mama mkwe, acheni kumwita mvivu. Mshikieni mtoto alale, kisha msindikizeni kliniki.

Mama akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KUMBUKA

1. Kutazamia na kupokea ni furaha mbili tofauti.
2. Hamu ni kazi ya ubongo, na yaweza kuugua.
3. Kukosa hamu kwa majuma 2 au zaidi ni sababu ya kwenda kliniki.
4. Ugonjwa huu unatibika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

Je, katika chama chetu yuko mama ambaye ameacha kuja? Nani atakwenda kumwona juma hili, na atamwambia nini?