Kuhara kusikokoma: kirusi kinachoamka kinga ikishuka

Wengi wetu tuna kirusi kiitwacho sitomegalo, CMV, tangu utotoni. Hupita kwa mate, mkojo au maziwa ya mama, kisha hulala mwilini bila kutusumbua. Kinga ya mwili ndiyo inayokizuia.

Kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka chini ya 50, kirusi hiki huweza kuamka. Kikishika njia ya chakula, kumeza huuma. Kikishika utumbo mpana, mgonjwa huhara kwa wiki kadhaa, tumbo humsokota, hukonda, na choo huweza kuwa na damu.

Fangasi na amiba nao huleta dalili kama hizi, kwa hiyo tusibahatishe dawa za dukani. Twende kituo cha afya tupimwe. Dawa ya CMV ipo, ila kinachorudisha kinga ni kumeza ARV kila siku bila kuruka.

Njiani mgonjwa aendelee kunywa ORS. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.