Kitunguu saumu: piga hesabu ya tuta moja kabla ya kukodi eka

Kila bei ya kitunguu saumu inapopanda, simu za kipindi chetu cha wakulima hujaa swali moja: nikodi eka nipande? Zao hili linalipa, ndiyo. Lakini wapo walioingia kwa kusikia bei tu, wakatoka na deni la kikundi. Tumeona tuliandike ili ubaki nalo kwenye simu yako.

Tuanze na hali ya hewa. Kitunguu saumu kinahitaji baridi ili kichwa kigawanyike punje. Ndiyo maana hapa Tanzania utasikia kikitajwa Mbulu, hasa kule Bashay, pia Karatu, Lushoto, na nyanda za juu za Iringa na Mbeya. Ukikipanda kwenye joto la Pwani, mara nyingi kinatoa majani, na chini unakuta kidude cha duara kisicho na punje. Kwenye baridi, wengi hupanda kuelekea mwisho wa masika, kikue Juni na Julai, kikomae kiangazi. Ni miezi minne hadi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo unamwagilia. Kama zamu yako ya maji mferejini haina uhakika, usianze.

Sasa mbegu, maana hapo ndipo fedha inapoondokea. Kinachopandwa ni punje zenyewe. Chukua tuta la mita 1 kwa mita 10. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 10 kwa 15, zinaingia punje kama 660. Kichwa kikitoa punje 10 zinazofaa, unahitaji vichwa 66. Vikistawi vyote utavuna vichwa 660, na kila kimoja kikiwa na gramu 20 baada ya kukauka, umepata kilo 13 kutokana na mbegu ya kilo moja na ushee. Mara kumi!

Usishangilie bado. Mbegu unainunua mzigo ukiwa umeadimika, na mavuno unayauza wakati kila jirani naye amevuna. Kama mbegu uliinunua kwa bei mara tatu ya ile utakayouzia, basi ile mara kumi imeshuka hadi mara tatu na kidogo, na hapo hujatoa mbolea, dawa, kodi ya shamba wala vibarua wa kupalilia. Wanaofaidika kwa kawaida ni wale wenye mbegu yao ghalani. Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayeanza: mwaka wa kwanza panda matuta machache tu, uza kidogo, vichwa vikubwa na vizima viwe mbegu. Wengi hufanya kinyume. Vikubwa vinakwenda sokoni, vidogo vinarudi shambani, na kila msimu mavuno yanapungua ukubwa.

Na usinunue mbegu dukani. Mwenzetu mmoja hapa studio alipanda vile vyeupe vikubwa vinavyotoka China. Majani yalipendeza mno, vichwa hakuona. Aina nyingi za huko zimezoea baridi kali na siku ndefu kuliko zetu.

Bambua punje karibu na siku ya kupanda, ncha iangalie juu, kina cha sentimita 3 hadi 5. Palilia kwa mkono, mizizi yake iko juujuu. Ukiona mabaka ya rangi ya fedha kwenye majani, chunguza katikati ya jani: kuna vidudu vyembamba vinavyofyonza utomvu. Cha kuogopwa zaidi ni kuoza kunakoanzia kitakoni, pamoja na utando mweupe na vitone vyeusi vidogo kuliko mbegu za mchicha. Ukungu huo hukaa ardhini hata miaka 20. Ng'oa, choma, na eneo hilo usirudishe kitunguu cha aina yoyote. Ukikodi shamba, basi, muulize mwenyewe lilipandwa nini misimu iliyopita, na ukiweza waulize majirani pia, maana mwenye shamba anataka kodi yake.

Majani ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia wiki mbili hadi tatu kabla ya kung'oa. Kausha kivulini penye upepo wiki mbili au tatu, kisha funga mafungu na uning'inize. Kilichokaushwa vizuri kinakaa miezi, na ndicho kinachokupa nguvu ya kumwambia mnunuzi aje kesho.

Akija na gunia la lumbesa, mkatalie. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi wake. Mnunuzi mmoja huweza kumbana mkulima mmoja njiani. Mkiwa kumi mmechangia mzani mmoja na mnauza kwa kilo, hata yeye anajua leo ni mzani.