Kidonda Kimepona, Mbona Mkono Bado Unachoma?



Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, watu wengi wa pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado wamekimbia wakiwa na majeraha. Huyu alikatwa panga, yule alipigwa risasi, mwingine alivunjika akikimbia porini usiku. Sasa nyuzi zimetolewa, kovu limekauka. Lakini miezi inapita na mwenyewe bado halali.

Nyumbani maneno yanaanza. "Baba anajisingizia tu, hataki kulima." Mwingine anasema eti karogwa. Jamani, tusimwonee. Maumivu hayo ni ya kweli. Ni maumivu ya mishipa ya fahamu.

Yanatoka wapi?

Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kutoka mkononi au mguuni hadi kwenye ubongo. Mshipa ukikatwa au ukibanwa, unaweza kuanza kupeleka habari za uongo. Ni kama mbwa anayebweka usiku kucha, na mwizi alishaondoka zamani. Mgonjwa anasikia kuchomwa kama kwa pilipili, sindano, au shoti ya umeme. Hata kapulana ikimgusa anaruka. Wakati huohuo sehemu nyingine ina ganzi.

Jambo hili si geni. Katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell aliwatibu askari waliopigwa risasi kwenye mishipa hiyo. Mikono yao iliwaunguza mpaka wakawa wanaimwagia maji mchana kutwa.

Mshipa ukiota tena, huota polepole sana, kama milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole ni zaidi ya mwaka. Kwa hiyo subira inahitajika, ila si subira ya kukaa tu.

Tufanye nini nyumbani?

Kosa kubwa ni kuufunga mkono kwa kitambaa na kuuficha miezi na miezi. Mkono usiotumika hukakamaa, na maumivu huzidi. Kama daktari amesema mfupa umeunga na kidonda kimefunga, fanya hivi:

1. Kunja na kunjua vidole, kiwiko au goti taratibu, mara kadhaa kwa siku. Kidogo kila siku ni bora kuliko kulima kutwa nzima halafu kulala siku tatu.

2. Zoesha ngozi kuguswa. Anza na pamba au kitambaa laini dakika chache, mara tatu au nne kwa siku. Ukizoea, tumia kitambaa kigumu zaidi. Mgonjwa ajiguse mwenyewe, asilazimishwe.

3. Rudisha kazi ndogondogo: kuchambua mchele, kushona wavu, kumbeba mtoto kidogo.

4. Penye ganzi, chunga moto na maji ya moto. Mkono usiosikia huungua bila mwenyewe kujua. Pia usiupake dawa kali za kuchoma.

Na vidonge je?

Wengi wanameza parasetamoli hadi wanachoka. Kwa maumivu ya aina hii mara nyingi haisaidii sana. Daktari anaweza kutoa amitriptilini kidogo usiku. Hapa ndipo watu hugombana: "Mume wangu kapewa dawa ya wazimu!" Hapana, mama. Dawa hiyo ilianza kutumika kwa watu wenye huzuni nzito, lakini pia hutuliza mishipa ya fahamu. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Usiiache ghafla, usiichanganye na pombe, usimgawie jirani. Mweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo au una mimba. Iweke mbali kabisa na watoto, inaweza kuwaua. Vidonge vya kubahatisha vya sokoni, achana navyo.

Aliyekatwa mguu

Wapo wanaosikia maumivu katika mguu ambao haupo tena. Hao nao hawajarukwa na akili. Ubongo bado unautafuta mguu. Njia moja inayowasaidia baadhi yao ni kuweka kioo kati ya miguu, kuuchezesha mguu mzima na kuutazama kiooni kama vile ndio uliopotea. Muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuonyeshe.

Nenda kituo cha afya haraka kama

kidonda kimefunguka au kinatoa usaha, kiungo kimevimba na kina joto, una homa, au nguvu zinapungua siku hadi siku. Kama ganzi imeanza mahali ambapo hapajawahi kuumia, nenda pia. Huenda ni ukoma au kisukari, na yote miwili ina dawa.

Neno kwa familia

Maumivu haya huenda yasiishe yote, lakini yanaweza kupungua mpaka mtu akalala, akafanya kazi, akacheka na wanawe. Dawa ya kwanza ni kuaminiwa. Leo jioni, badala ya kumwambia "umepona wewe", muulize: "Leo mkono umeamkaje?" Kisha kaa naye afanye mazoezi yake.

Mpaka mwezi ujao, tutunzane.