Asumini Ughaibuni



Mitaani Lamu, Mombasa na Unguja, asumini haihitaji kutambulishwa. Jua likizama harufu yake hutangulia, nalo ua likafuata. Lakini wengi wa watoto wetu waliozaliwa huku Uingereza wanaijua kwa chupa ya manukato tu, na kikuba wamekiona katika picha za harusi za mama zao. Jambo hili si dogo. Kitu kikitoweka machoni, na jina lake hutoweka ulimini.

Wako wanaodhani kuwa baridi ya nchi hii hairuhusu. Sivyo. Bustani ndogo nyuma ya nyumba, au vyungu vitatu dirishani, vyatosha.

Asumini yetu, ambayo Waarabu huiita fulli, haistahimili jalidi. Basi ipandwe chunguni, ikae nje kiangazi mahali penye jua, na irudishwe ndani kabla usiku haujawa wa baridi kali. Humo ndani iwekwe penye mwanga, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, wala isisogezwe karibu na kipasha joto, kwani hewa kavu huleta utitiri. Maji yapunguzwe wakati wa baridi. Mwisho wa baridi ipogolewe, kwa kuwa maua hutoka katika machipukizi mapya.

Anayetaka mmea wa kukaa nje mwaka mzima na atafute asumini nyeupe itambaayo ukutani, ichanuayo kuanzia Juni. Ajihadhari na ile ya manjano ichanuayo katikati ya baridi: yapendeza macho, lakini haina harufu. Waridi la marashi nalo lavumilia baridi. Ndilo lilimwalo katika milima ya Jabal Akhdar, Oman. Rihani ipandwe ndani mwezi wa Aprili, itolewe nje Juni. Mkadi na mkilua tuwaachie wenzetu wa pwani. Na tusibebe vipandikizi mizigoni tutokapo likizo, kwani sheria hairuhusu kuingiza mimea bila cheti cha afya ya mimea.

Matumba huchumwa alasiri, yakiwa yamejaa lakini hayajafumbuka, yakatungwa kwa uzi na sindano. Asumini hufumbuka jioni, na hapa London mwezi wa Juni magharibi huingia baada ya saa tatu usiku. Huo ni muda mrefu wa bibi kukaa na wajukuu, akawaonyesha namna ya kupanga asumini, waridi na rihani hata kikawa kikuba. Ujuzi huu haukuandikwa popote kwa ukamilifu. Umo vidoleni mwa mama zetu, na mama zetu wanazeeka.

Qur'ani Tukufu imeitaja rihani katika Surat Ar-Rahman, na katika Sahih Muslim tumefundishwa kwamba anayepewa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Basi maua yakizidi, mpelekee jirani, awe Mwislamu au asiwe.

Akina mama na akina baba, mpeni kila mtoto chungu chake akimwagilie maji, na kila ua mlitaje kwa Kiswahili. Chipukizi likatwalo kiangazi hiki na kutiwa katika udongo wenye unyevu, huenda mwakani likachanua.

Wabillahi tawfiq.